Kiti kilicholala Mikumi: pikapu moja, watu sita, mikanda mitano

Tukio lenyewe halikufika hata sekunde tano. Toyota Hilux dabo kebini ya mwaka 2012 ilikuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Iringa wiki ya Krismasi, imebeba familia ndani na mzigo nyuma. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, mchana kweupe, pundamilia wakaanza kuvuka lami. Baba mwenye gari, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha, akakanyaga breki mpaka mwisho. Gari likapepesuka mkia na kusimama mita chache kabla ya mnyama wa mwisho.

Hawakugonga kitu, na gari halikupinduka. Hata hivyo kiti cha mtoto wa miaka minne kililala mbele mpaka paji lake la uso likagonga mgongo wa kiti cha dereva. Kioo cha nyuma cha kebini kilipasuka na kumwagikia ndani. Mama aliyekuwa amempakata mtoto wa miezi minane kiti cha mbele alishindwa kumzuia, mtoto akagonga kichwa kwenye dashibodi. Waliishia na uvimbe sehemu mbili na michubuko ya vioo shingoni kwa binti wa miaka tisa, na kituo cha afya kikawaruhusu siku hiyo hiyo.

Mimi nafundisha madereva wa miradi hapa Iringa, wengi wao wakiwa watu wa Hilux na barabara za vumbi. Familia ilinifuata Januari, siku chache kabla ya kurudi Dar, gari likiwa bado limezibwa nailoni pale palipokuwa na kioo. Swali la baba lilikuwa moja: "Mwalimu, kiti nilikifunga kwa mikono yangu, nikakitikisa, kikawa kigumu kabisa. Kimewezaje kulala?"

Ni swali zuri, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Nani alikaa wapi

Gari lina mikanda mitano: miwili mbele, mitatu nyuma. Watu walikuwa sita. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kabla hata funguo haijaingizwa. Baba alikuwa kwenye usukani, mama kiti cha mbele na kichanga mapajani, mkanda mmoja ukiwa umewazunguka wote wawili. Nyuma ya dereva alikaa mtoto wa miaka minne kwenye kiti chake. Katikati alikuwepo dada wa kazi, kwenye mkanda wa kiunoni tu, kwa kuwa pale katikati gari hili halina mkanda wa begani. Nyuma ya mama alikaa binti wa miaka tisa, amefunga mkanda lakini ile sehemu ya begani ameipitisha mgongoni kwa sababu ilikuwa inamkata shingo.

Kichanga alikuwa na kiti chake pia, kile cha kubebea chenye mshikio, kilichonunuliwa Kariakoo. Nilipouliza kilikuwa wapi siku ile, mama alicheka kwa aibu: kilisafiri kwenye bodi, kule nyuma kwenye mzigo, kimejazwa nepi na chupa za uji. Walikijaribu nyuma ya dereva, kikagoma kuingia kwa sababu baba ni mrefu na husukuma kiti chake nyuma kabisa. Wakakata shauri mtoto apakatwe.

Kiti cha Marekani, mkanda wa huku

Kiti cha mtoto wa miaka minne kilitumwa na mama yake mdogo anayeishi Marekani. Kiti kizuri, kizima, tarehe iliyogongwa chini ya plastiki inaonyesha bado kina miaka ya kutumika, na kwa kilo 16 za mtoto yule kilikuwa saizi yake. Kina mikanda ya ndani ya mabega na kiuno, kibanio cha kifuani, kamba mbili fupi zenye ndoano pembeni, na kamba moja ndefu inayotoka juu mgongoni.

Zile kamba mbili fupi zimetengenezewa nanga za chuma ambazo magari mapya ya Marekani yamelazimika kuwa nazo tangu Septemba 2002. Baba aliingiza vidole kwenye ufa kati ya mgongo na kikalio cha kiti cha gari, akatafuta, hakukuta chuma chochote. Hilux yake haina. Akafanya jambo sahihi: akakifunga kiti kwa mkanda wa kawaida wa gari.

Sasa tazama jinsi mkanda huo unavyofanya kazi. Ndani ya nguzo kuna roli inayouachia mkanda ukivutwa polepole na kuukaba ukivutwa ghafla. Kwa mtu mzima ndivyo inavyotakiwa, anaweza kuinama akachukua simu yake. Kiti cha mtoto nacho kinainama. Kila tuta, kila shimo, kila kona, kinajisogeza kidogo na roli inauachia mkanda kidogo. Kati ya Dar na Mikumi kuna karibu kilomita 300, na matuta ya Chalinze mpaka Morogoro mnayajua. Kiti kilichokuwa kigumu asubuhi Dar kilifika Mikumi kikiwa kimelegea, na hakuna aliyekigusa tena njiani.

Marekani tatizo hili lilishughulikiwa kwenye gari lenyewe. Tangu Septemba 1995 magari ya kule yanatakiwa kuwa na mikanda inayoweza kukazwa ikabaki imekaza kwa ajili ya kiti cha mtoto. Mingi yao ukiivuta yote mpaka mwisho, inaporudi inahesabu kwa mlio, tik tik tik, na hairuhusu kutoka tena. Viti vingi vya Ulaya vinavyofungwa kwa mkanda vilipita njia nyingine: vina kibanio chao wenyewe cha kuukamata mkanda. Familia hii iliunganisha nusu mbili zisizojuana. Kiti kilitegemea gari likaze mkanda, na gari lilitegemea kiti kijikazie.

Jaribio lake ni la dakika moja na kila mwenye pikapu alifanye leo. Vuta mkanda wa nyuma polepole mpaka uishe wote, kisha uache urudi kidogo, halafu uvute tena. Ukigoma na ukasikia ule mlio, mkanda wako unajikaza. Ukitoka tena kimya, kama ulivyotoka kwenye gari hili pande zote mbili, unahitaji msaada.

Msaada wenyewe ulikuwa umekaa nyuma ya kiti muda wote. Nilikigeuza, na pale kwenye plastiki ya mgongoni kulikuwa na kipande cha chuma kilichochomekwa, kama urefu wa kidole, chenye umbo la herufi H. Baba alidhani ni kipuri cha kitu kilichokatika. Kazi yake ni kuubana mkanda wa kiunoni na wa begani pamoja ili usiweze tena kuteleza kwenye ulimi, kile chuma kinachoingia kwenye kifungio. Unafunga mkanda, unaweka goti ndani ya kiti na kukikandamiza kwa uzito wako, unavuta mkanda wa begani mpaka ulegevu wote uishe. Kisha unaibana mikanda yote miwili kwa vidole hapo hapo kwenye ulimi, unaufungua bila kuachia vidole, unaipitisha kwenye ile H isizidi sentimita mbili na nusu kutoka kwenye ulimi, na kufunga tena. Mara ya kwanza utatukana. Ukimaliza, shika kiti pale mkanda unapopita, si juu kwenye kichwa, ukitikise kulia na kushoto, mbele na nyuma: kisicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu.

Inabaki ile kamba ndefu ya juu, na hapa pikapu ina ugomvi wake wa pekee. Kwenye gari dogo, nanga ya kamba hii inaonekana wazi, kwenye ubao wa nyuma ya kiti au sakafuni kwenye buti. Pikapu haina buti. Mgongo wa kiti cha nyuma umeegemea karibu kabisa na bati la kebini, kwa hiyo nanga hufichwa nyuma ya mgongo huo, na mara nyingi huioni mpaka uufungue na kuulaza mgongo wa kiti. Kwenye pikapu nyingine hakuna chuma, kuna vitanzi vya mkanda mgumu: unapitisha kamba chini ya kiegemeo cha kichwa, ndani ya kitanzi cha nyuma ya kiti hicho, halafu unakwenda kuitia ndoano kwenye kitanzi cha kiti cha jirani. Ni mzunguko usioweza kuubuni mwenyewe. Kitabu cha gari ndicho kinachosema, na kila modeli ina yake.

Baba hakuona nanga, akaitundika ndoano kwenye vyuma viwili vya kiegemeo cha kichwa. Vyuma hivyo vimetengenezwa kupanda na kushuka, havikutengenezwa kuvutwa mbele. Breki ilipokanyagwa, kiegemeo kilichomoka kizima, na tulikikuta bado kinaning'inia kwenye kamba. Nanga halisi ilikuwa nyuma ya mgongo wa kiti, imezikwa na jeki, matambara na chaki za watoto. Kamba hiyo ikifungwa sawasawa hupunguza safari ya kichwa cha mtoto kwenda mbele kwa sentimita 10 hadi 15. Kwenye kebini fupi ya pikapu, hizo ndizo sentimita zinazoamua kama paji la uso litagusa kiti cha mbele au halitagusa.

"Lakini hili ni gari gumu"

Baba alilisema hili mara kadhaa, na nalisikia kila wiki kutoka kwa madereva wangu. Pikapu ni chuma, ina fremu, iko juu. Kinachoigonga ndicho kinachoumia. Wapo wanaofunga mkanda kwenye Vitz na kuuacha kwenye Hilux.

Takwimu za mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, zinasema kinyume. Kwa watu wa viti vya mbele, mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 45 kwenye magari madogo, lakini kwa asilimia 60 kwenye magari ya kundi la pikapu. Faida ni kubwa zaidi kwenye lile gari "gumu". Sababu kubwa ni kwamba gari refu la juu hupinduka kwa urahisi zaidi, na likipinduka humtupa nje asiyejifunga. Kwa watoto waliokaa kwenye viti vyao ndani ya magari ya kundi hilo, hatari hupungua kwa asilimia 58 kwa wachanga na 59 kwa wa mwaka mmoja hadi minne. Kuhusu ugumu, fremu isiyojikunja sana huupeleka mshtuko kwa watu walio ndani. Chuma kinabaki kizima, shingo haibaki.

Kwa kichanga aliyepakatwa, hesabu ni fupi. Chukua kilo 9 zake, gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, likasimama ndani ya nusu mita baada ya kugonga kitu. Mama anatakiwa kushika kitu chenye uzito wa karibu kilo 180 kwa mikono miwili, bila taarifa. Na ule mkanda uliowazunguka wote wawili ndio unaonitisha kuliko yote, maana mama akienda mbele anamkandamiza mtoto kwenye mkanda kwa uzito wake wote. Hapo hujaongeza mfuko wa hewa wa dashibodi, ambao kwenye gari hili upo na hauna swichi ya kuuzima. Mfuko ule hufumuka kwa kasi ya kumuua kichanga aliyepakatwa mbele yake, na kwa sababu hiyo hiyo kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Trafiki wa njiani waliwasimamisha safari ile. Waliulizwa leseni, bima, mtungi wa kuzimia moto. Kuhusu mtoto aliyepakatwa hawakuulizwa neno.

Watu sita

Tulitumia muda mrefu zaidi hapa kuliko kwenye viti, na hapa palikuwa na maneno.

Tuliweka mezani yanayowezekana. Kiti cha kichanga kinatazama nyuma na kinahitaji mkanda wa begani, kwa sababu kipande hicho ndicho kinachozunguka mgongo wa kiti na kukibana. Hakiingii nyuma ya baba, lakini nyuma ya mama kinaingia akisogeza kiti chake mbele, mradi abaki na nafasi ya kutosha kati ya kifua chake na dashibodi. Kilibanana kidogo, na kiti cha gari kwa kuwa kimesimama wima kilimfanya mtoto akae wima kupita kiasi, kichwa kikidondokea kifuani. Kitabu cha kiti hicho kinaruhusu kukunja taulo na kuliweka chini ya ukingo mpaka mstari wa pembeni ulale sawa na ardhi. Kanga mbili zilizoviringishwa zilitosha.

Binti wa miaka tisa ana urefu wa sentimita 128. Mkanda wa mtu mzima unamkaa mtu sawasawa akifikia takribani sentimita 145. Kabla ya hapo unapita shingoni na tumboni, na ndiyo maana watoto huupeleka mgongoni. Hakuwa mkaidi, mkanda ulikuwa unamuumiza kweli. Anahitaji kikalio cha kumuinua, kile kisicho na mgongo, ili mkanda wa chini ulale kwenye mapaja na wa juu upite katikati ya bega. Nacho hakitumiki bila mkanda wa begani. Mto wa kochi haufai, unateleza chini yake na kumwacha aning'inie kwa tumbo.

Kwa hiyo mikanda miwili ya begani ya nyuma imekwisha: kichanga nyuma ya mama, binti nyuma ya baba. Wa miaka minne atakwenda wapi? Katikati, kwenye ule mkanda wa kiunoni ambao kila mtu anaudharau. Kwa mtu anayeukalia ni mkanda dhaifu kweli, unamkunja tumboni. Kwa kiti chenye mikanda yake ya ndani, kitabu chake kikiruhusu, na cha kiti hiki kinaruhusu, ni rafiki: hauna roli, unafupishwa kwa mkono, ukishauvuta unabaki hapo. Hata kile chuma cha H hakihitajiki tena. Na nanga ya kamba ya juu ipo katikati pia.

Tulipima kwa futi kamba kabla ya kufurahi. Viti vitatu sambamba kwenye Hilux ni suala la sentimita, na binti alilazimika kufundishwa kuingiza mkono kati ya kikalio chake na kiti cha mdogo wake ili afikie kifungio. Alijaribu mpaka akaweza bila kuangalia. Angeshindwa, mpango wote ungevunjika, maana mtoto wa miaka tisa asiyeweza kujifunga mwenyewe ataacha kujifunga mkiwa mmetoka kununua mahindi ya kuchoma.

Aliyebaki ni dada wa kazi, na mkanda umekwisha.

"Akipanda basi, mtoto akilia nani atambembeleza?" mama aliuliza.

"Mama, akilia mnasimama," nilimwambia. "Na hata asipolia, kila baada ya saa mbili mnasimama, anatolewa kwenye kiti ananyooka. Kichanga hakai humo safari nzima."

"Tutafika usiku."

"Ondokeni alfajiri."

Baba alipendekeza dada akae kwenye bodi, chini ya turubai, kwenye godoro, kwani vijijini watu hupanda hivyo kila Jumapili. Wanapanda, ni kweli, na mimi nimewaona. Bodi haina mkanda wala kiti, na chini ya turubai lililofungwa moshi wa ekzosi hujikusanya kupitia mlango wa nyuma usioziba vizuri. Sumu iliyomo haina harufu. Mtu anasinzia na mnadhani amechoka na safari. Mama ndiye aliyekata mjadala: dada wa watu atapanda basi, atalipiwa nauli, atapokelewa stendi. Dada mwenyewe, niliyemuuliza pembeni, alifurahi sana. Atakaa dirishani peke yake.

Vigae, friji na pengo

Sasa mzigo, maana kioo hakikupasuliwa na breki.

Walikuwa wamebeba katoni 18 za vigae vya nyumba wanayojenga, kilo 27 kila katoni, pamoja na friji la bibi na mabegi. Vigae peke yake ni kilo 486. Ukijumlisha friji, mabegi na watu sita, gari lilikuwa na karibu kilo 870, bado chini ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu chake. Wengi hapa hudhani "tani moja" ya Hilux ni ya bodi tu. Watu wa kebini nao wamo kwenye hesabu hiyo, pamoja na kanopi (kifuniko kigumu cha bodi) na bamba la chuma la mbele. Hawa hawakuzidisha. Walipanga vibaya.

Friji liliingia kwanza, likasimama wima nyuma ya kebini. Vigae vilipakiwa mwisho, karibu na mlango wa bodi, kwa kuwa ndivyo vya kushushwa kwanza. Katikati pakabaki pengo la kama mita moja, lenye mabegi laini. Kila kitu kilifunikwa turubai na kufungwa kamba juu. Kamba ya juu inazuia turubai lisipeperuke, haizuii kilo 486 zisiteleze kwenye bati laini. Breki ilipokanyagwa vigae vilikuja mbele kama boda boda isiyo na breki, vikayaponda mabegi, vikaligonga friji, na bega la friji likaingia kwenye kioo.

Kati ya vichwa vya watoto na bodi ya pikapu kuna bati na kioo tu. Kwa hiyo kizito hukaa chini na mbele, kimegusana na ukuta wa bodi upande wa kebini, bila pengo lolote, kisha hufungwa kwa mikanda ya kukaza kwenye vishikio vya bodi, ikipita juu na mbele yake. Kirefu chepesi hukaa nyuma ya kizito, au kinalazwa kama kinaruhusu. Friji la bibi lingesafiri salama zaidi likiwa nyuma ya vigae.

Mpangilio ule ulifanya na jambo la pili. Bodi ya dabo kebini ni fupi na sehemu yake kubwa iko juu ya ekseli ya nyuma na nyuma yake. Ukiweka vigae mlangoni, pua ya gari inainuka: usukani unakuwa mwepesi, taa zinawapiga macho wanaokuja, mkia unakuwa na hamu ya kwenda njia yake. Baba aliona dalili moja tu, madereva wa malori kumwashia taa tangu Chalinze, akadhani wanamwonya kuhusu trafiki. Gari lake lina kidude cha kushusha taa karibu na usukani, hakuwahi kukigusa.

Kisha nikalala chini ya gari. Mwaka uliopita fundi alimwongezea vyuma viwili kwenye springi za nyuma "ili lisilale". Hilux nyingi za umri huu zisizo na ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasikabwe na breki) zina vali ya breki karibu na ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayosoma gari limelala kiasi gani. Likilala, vali inajua kuna mzigo na kuyapa magurudumu ya nyuma breki zaidi. Ukiinua springi bila kurekebisha fimbo, gari lenye mzigo linajiona tupu na breki za nyuma zinapata kidogo, kwa hiyo linachukua mita zaidi kusimama. Fundi wa breki alirekebisha fimbo hiyo kwa muda mfupi. Matairi ya nyuma nayo yalikuwa na upepo wa gari tupu, wakati kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kina namba mbili, ya tupu na ya mzigo.

Mwendo nimeuacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu kila mtu huanza nao na kuishia hapo. Vibao vya hifadhini vinasema 70 mchana na 50 usiku. Baba alisema alikuwa "kama tisini". Kwenye lami kavu, dereva anayechukua sekunde moja na nusu kushtuka, gari lenye breki nzuri husimama ndani ya mita 58 hivi kutoka 70, na mita 86 hivi kutoka 90. Tofauti ni urefu wa mabasi mawili. Angekuwa kwenye 70, angesimama bila hata kuikanyaga breki mpaka mwisho, na mimi nisingewajua.

Kurudi

Mzigo wa kurudi ulikuwa magunia ya viazi, kama ilivyo ada ya kutoka Iringa. Tuliyapanga chini, yamebanwa kwenye ukuta wa kebini, mikanda miwili ya kukaza ikapita juu, na mabegi yakafuata nyuma. Jeki ilifungwa mahali pake badala ya kulala huru nyuma ya kiti, na ndoo ya asali ya lita kumi ambayo bibi alitaka iwekwe miguuni pa wajukuu ilihamia kwenye bodi. Bibi hakupenda. Asali ikiruka ndani ya kebini ni tofali.

Asubuhi ilikuwa ya baridi na watoto walikuja wamevaa majaketi. Niliomba yavuliwe. Jaketi nene hufanya mikanda ya kiti ionekane imebana kumbe imebana pamba. Mtoto akirushwa, pamba inasinyaa na yeye anachomoka mabega. Wa miaka minne alifungwa na sweta nyepesi, kibanio cha kifuani kikiwa usawa wa kwapa, mikanda ikikazwa mpaka vidole vishindwe kubana mkunjo begani, kisha jaketi likageuzwa kinyumenyume na kuwa blanketi. Kabla ya kuondoa gari uani, baba alilizunguka kwa miguu, kwani nyuma ya mlango wa bodi anaweza kusimama mtoto mzima usimwone kwenye kioo chochote, na siku ya kuagana ua unajaa watoto.

Nilimwachia maagizo mawili ya njiani. Mlima wa Kitonga ashuke kwa gia ndogo tangu juu, asining'inie kwenye breki mpaka zichemke, kwani viazi vinasukuma. Na kila wakisimama, kabla ya kuondoka, mama atikise viti vyote vitatu kwa mkono mmoja.

Baba alinipigia jioni kutoka Dar. Kiti cha katikati hakikusogea. Cha kichanga kililegea mara moja, Morogoro, wakakikaza. Dada wa kazi alifika kabla yao. Kilichobaki ni wavu wa chuma nyuma ya kioo kipya. Fundi wa kuchomelea amepima na kuchukua nusu ya pesa, na mpaka naandika haya bado hajaumaliza.